MWENYE MBEGU NDIYE MWENYE SHAMBA



Mwaka 2016 mahindi yaliyobadilishwa vinasaba ili yastahimili ukame yalipandwa kwa majaribio huko Makutupora, Dodoma. Mwaka 2021 Serikali iliyafuta majaribio hayo. Wako walioshangilia, wako waliosikitika. Sisi twauliza swali la mkulima: faida ingeingia mfukoni mwa nani?

Kampuni ya Monsanto ilikitoa kinasaba cha kustahimili ukame bila kudai ada. Hilo ni jema, nasi twalikiri. Lakini mbegu yenyewe ni chotara: ukipanda tena punje za mavuno yako, mazao hupungua. Basi kila mwaka mkulima hana budi kurudi dukani na fedha mkononi. Mvua ikipungua, mbegu hiyo yaweza kuokoa sehemu ya mavuno. Mvua isiponyesha kabisa, hakuna mbegu iotayo, na aliyekopa hubaki na deni.

Hatukatai elimu. Twataka utafiti uwe mikononi mwa wataalamu wetu, mbegu zizalishwe nchini, na wakulima wazinunue kwa pamoja katika vyama vyao vya ushirika. Tukimwachia mwingine mbegu, tumemwachia na jembe.