Joto la Nyumbani Bila Kuhatarisha Maisha
Mazungumzo kwa wakazi kuhusu msimu wa baridi



Baridi ya Juni, Julai na Agosti haihitaji kutangazwa Nyandarua. Kinangop, Ol Kalou na Ndaragwa ziko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Usiku kipimo hushuka chini ya nyuzi 10 za selsiasi, na asubuhi nyingine sakitu huunguza viazi shambani. Ndiyo maana jiko la makaa huingizwa chumbani, mlango ukafungwa, watoto wakalala. Msiba huanzia hapo.

Makaa yanayowaka hutoa hewa ya kaboni monoksidi. Haionekani wala hainuki. Hujishikiza kwenye damu kwa nguvu ya takriban mara 200 kuliko oksijeni, na mwili hukosa hewa unayohitaji. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Aliye usingizini hazisikii. Wengi hudanganywa na makaa mekundu yasiyo na moshi, ilhali hayo pia huua. Mtu akipata dalili hizi, atolewe nje mara moja na apelekwe hospitali, hata akisema amepata nafuu.

Je, familia iote moto vipi?

Kwanza, joto lililopo lisitoroke. Nyumba ya mabati isiyo na silingi hupoteza joto kupitia paa. Weka silingi, ziba nyufa za mbao, weka kitambaa chini ya mlango na pazia zito dirishani. Lakini nyumba iliyozibwa hivyo isiwashwe jiko la makaa ndani hata kidogo.

Pili, linganisha vifaa vya stima. Hita ndogo ya wati 2,000 hula yuniti 2 kwa saa. Ikiwashwa saa 4 kila jioni, ni yuniti 8 kwa siku, yaani 240 kwa siku 30. Bei yake dukani ni nafuu, lakini tokeni huisha upesi.

Kuna pia kiyoyozi cha vipande viwili, kimoja ukutani ndani na kingine nje, vikiunganishwa kwa mirija myembamba ya gesi. Hakihitaji mabomba makubwa ya hewa darini, hivyo hufungwa hata katika nyumba iliyokwisha kujengwa. Kile cha kutia joto huvuta joto lililo katika hewa ya nje, hata ikiwa baridi, na kulileta ndani. Kikitoa joto mara 3 ya stima kinayotumia, zile yuniti 240 hushuka hadi 80. Shida yake ni gharama ya kununua na kufunga.

Kabla ya kulipa, mwananchi aulize haya:

1. Je, kinatia joto? Baadhi ya viyoyozi ni vya kupoza tu, vinafaa Mombasa na havina kazi Kinangop.

2. Kinatoa joto kiasi gani nje kukiwa na nyuzi 2 au 5? Nguvu ya mashine hupungua kadiri baridi inavyozidi. Barafu ikishika kipande cha nje, mashine husita kutia joto kwa muda ili kuiyeyusha. Hilo si hitilafu.

3. Kina nyota ngapi? Kanuni za Kenya za mwaka 2016 zilitaka viyoyozi visivyo na mabomba ya hewa viwe na lebo ya matumizi ya nishati, kuanzia nyota 1 hadi 5. Nyota nyingi ni stima kidogo.

4. Kinatosha chumba? Fundi apime chumba, aangalie paa na madirisha, na akumbuke kuwa hewa ya nyanda za juu ni nyepesi kuliko ya pwani. Mashine kubwa kupita kiasi huwaka na kuzima ovyo, ndogo hulemewa.

5. Nani atakifunga? Fundi wa stima aonyeshe leseni ya EPRA, na aeleze ni nani atakayekihudumia kikiharibika.

Si kila nyumba itamudu kiyoyozi, na stima hupotea. Meko yenye bomba la moshi linalotoka juu ya paa, na linalosafishwa, ni afadhali kuliko jiko la wazi. Chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa, blanketi la ziada na soksi huwafaa wazee. Anayeanza na fedha kidogo aanze na silingi, maana kifaa chochote atakachonunua baadaye kitakula stima kidogo.

Usiku wa leo, jiko la makaa libaki nje. Mwambie na jirani.