Tucheke Nao, Tusiwacheke

(Mada iliyotolewa mbele ya wazazi na vijana baada ya futari, Bisil, Kajiado)

 



Nimepewa nizungumze juu ya malezi ya watoto wadogo nyumbani. Nilipoambiwa nilicheka, kwa sababu mimi sina mke wala mtoto. Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu tu, na mwenye kujua zaidi yangu katika jambo hili amejaa humu ndani. Lakini kwetu mimi ndiye mtoto wa kwanza, na mama zetu wanajua kwamba mtoto wa kwanza ni mzazi wa tatu asiyeandikwa popote. Nikishuka tu kwenye matatu ya Namanga, hata begi sijaliweka chini, nakabidhiwa watoto. Mmoja ni mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Mwingine ni binti wa dada yangu, ana miaka 4, na huyo ndiye rais wa nyumba.

Kabla sijaenda mbali niseme hili. Kisa kikubwa nitakachosimulia leo ni cha huyu mdogo wangu, ambaye sasa ana miaka 7, na yumo humu humu ndani. Nimemwomba ruhusa nikisimulie. Alikubali kwa sharti la sambusa mbili, na moja nimeshailipa. Kwa nini mtu mzima aombe ruhusa kwa mtoto? Mtaelewa mbele, inshaallah.

Mbuzi aliyefunga

Ndugu zangu, mwenye watoto wadogo hahitaji televisheni. Ramadhani ya mwaka jana jua lilikuwa kali, na nyinyi mnajua jua la Bisil, na vumbi lile la barabarani likipita lori. Mama yuko jikoni, ana haraka. Tuna mbuzi mmoja nyumbani mwenye tabia ya kuzurura. Mama akamwambia mdogo wangu, "Nenda kamfunge yule mbuzi." Mtoto akatoka mbio, akarudi, akasema, "Nimemfunga."

Baada ya alasiri mbuzi akaonekana jikoni. Ameingia kwa mlango wa nyuma na amekula dania yote iliyotayarishwa kwa ajili ya sambusa. Mama akaita kwa sauti, "Wewe! Si nilikwambia umfunge mbuzi?"

Mtoto akajibu kwa upole kabisa, "Nimemfunga, mama. Nimemwondolea maji na majani tangu adhuhuri. Lakini mbuzi huyu hana subira, amefungua kabla ya adhana."

Sasa wewe mzazi utafanya nini hapo? Utampiga? Utampigia nini? Mtoto ameambiwa afunge mbuzi, na ni Ramadhani, na katika akili yake neno "kufunga" mwezi huu lina maana moja tu. Mama alishika mwiko wake, akamwangalia, halafu akakaa chini kwenye kigoda akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mtoto naye akacheka bila kujua anacheka nini. Kisha mama akamshika mkono wakaenda wote wawili kumpa mbuzi maji, huku akimweleza kwamba mnyama hana saumu, na kwamba kumnyima maji ni dhambi. Somo likaingia, na nyumba ikabaki na furaha.

Na huyu rais wetu wa miaka 4, kazi yake ni wakati wa sala. Baba huswali tarawehe nyumbani pindi anapochelewa kazini, na sisi tunasimama nyuma yake. Akienda sijda, huyu binti anapanda mgongoni. Siku moja alipanda, akaivua kofia ya baba, akaivaa yeye, akatulia juu kama amepanda punda wa maji. Baba akarefusha sijda. Tukangoja. Tukangoja tena. Mara nikasikia kitinda mimba ananong'ona pembeni yangu, "Kaka, baba amelala. Mguse."

Wallahi nilijizuia kucheka kwa shida kubwa. Baada ya salamu baba hakugomba. Alitukumbusha tu hadithi aliyoipokea Imam an-Nasai, kwamba Bwana Mtume (SAW) aliwahi kurefusha sijda katika sala ya jamaa mpaka sahaba wakadhani limetokea jambo. Walipomuuliza, akawaeleza kuwa mjukuu wake alimpanda mgongoni naye hakupenda kumharakisha. Mtume wa Allah, imamu wa watu wote wale, anasubiri mtoto amalize mchezo wake! Na sisi wengine mtoto akipita tu mbele ya msala tunamkunjia uso mpaka anauogopa msikiti.

Bwana Chumvi

Sasa nije kwenye kisa chenyewe.

Mwaka jana mdogo wangu alikuwa na miaka 6, na aliamua kufunga. Hakuna aliyemlazimisha. Tukakubaliana aanze na nusu siku, mpaka adhuhuri, kama tulivyoanza sisi sote. Yeye akakataa. Anataka kufika magharibi kama wakubwa.

Siku ya kwanza tuliona jambo. Kati ya adhuhuri na alasiri alitawadha mara 5. Kila akitoka bafuni mashavu yamejaa. Kwetu maji tunanunua kwa mtungi, yanaletwa na mkokoteni wa punda, kwa hiyo mama anajua kila lita imekwenda wapi. Akamuuliza, "Mwanangu, udhu wako unavunjika mara ngapi?" Akajibu, "Mama, mimi napenda sana kusukutua."

Siku ya tatu nikaingia jikoni saa kumi na moja jioni. Nikamkuta chini ya meza, na sahani ya sambusa iko naye. Nikamuuliza, "Unafanya nini?" Akasema, "Naonja chumvi. Mama pia huonja."

Ni kweli, mama huonja chumvi kwa ncha ya ulimi kisha hutema, na maulamaa wameruhusu kwa mwenye haja, maadamu hamezi. Nikahesabu sahani. Nikamwambia, "Lakini zimepungua 3!" Akafikiri kidogo, akasema, "Ya kwanza haikuwa na chumvi. Ya pili ilikuwa nayo. Ya tatu nilitaka kuhakikisha."

Naona mnacheka. Na mimi nilicheka. Mpaka hapo hapakuwa na ubaya wowote, na yeye mwenyewe alicheka, tukazipanga upya zile zilizobaki ili mama asijue haraka.

Ubaya ulianza nilipofika msikitini. Tumekaa kwenye mkeka tunafuturu, vijana wamejaa, nami nataka kuwachekesha. Nikakisimulia kisa kile chote, nikaiga na sauti yake. Watu walicheka sana. Mmoja akasema, "Basi huyo ni Bwana Chumvi!" Jina likashika palepale. Sikumwona mdogo wangu. Alikuwa nyuma yangu, ameshika kikombe cha uji alichotumwa aniletee.

Kesho yake madrasa ikawa ni "Chumvi! Chumvi!" Watoto wanamuuliza, "Leo umeonja ngapi?" Hata watu wazima dukani, "Bwana Chumvi, habari ya sambusa?" Kila mmoja anadhani anatania mara moja tu. Lakini mtoto anayehesabu ni mmoja, na yeye alikuwa anazisikia zote.

Siku iliyofuata alisema tumbo linamuuma, hakwenda madrasa. Na iliyofuata hivyo hivyo. Usiku wa tatu nilikwenda kumwamsha kula daku, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anatuamsha sisi. Akavuta blanketi, akaniambia bila kunitazama, "Mimi sifungi tena. Nikifunga mnanicheka."

Ndugu zangu, nilisimama pale na taa mkononi na sikupata la kusema. Mimi niliyehitimu madrasa, ninayesomesha watoto wa watu juzuu amma, ndiye niliyemtoa mdogo wangu katika saumu. Hakutolewa na njaa wala kiu, ametolewa na kicheko changu.

Tulifundishwa nini

Nilirudi kwenye mambo niliyosomeshwa nikiwa mdogo, na nikaona kwamba nilikuwa nimeyahifadhi tu.

Bibi Rubayyi bint Muawwidh (RA) ameeleza, katika hadithi iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, jinsi walivyokuwa wakiwafungisha watoto wao siku ya Ashura. Waliwatengenezea vitu vya kuchezea vya sufi, na mtoto akililia chakula walimpa kile kichezeo mpaka wakati wa kufuturu ufike. Angalieni hekima hiyo. Mtoto analia njaa, na mkubwa anamtafutia mchezo wa kumsaidia avuke saa zile. Hasemi, "Tazameni huyu, mara hii ameshashindwa!"

Tena tunamjua Abu Umayr, ndugu yake Anas bin Malik (RA). Alikuwa na ndege mdogo wa kuchezea, ndege yule akafa, mtoto akahuzunika. Bwana Mtume (SAW) akawa anamtania kwa kumuuliza habari za ndege wake. Huo pia ni utani, lakini ni utani wa kumwinua. Anamwita kwa kunya, Abu Umayr, kama anavyoitwa mtu mzima, na anamuuliza juu ya jambo ambalo kwa mtoto ndilo kubwa kuliko yote.

Na Suratul Hujurat, aya ya 11, inakataza watu kufanyiana kejeli na kuitana kwa majina mabaya. Aya hii sisi huisoma tukifikiria majirani na wakubwa wenzetu. Mimi nimeitafuta ndani yake sehemu inayosema "isipokuwa watoto", na sikuiona.

Kwa hiyo jambo langu la leo ni moja. Kuna kucheka na mtoto, na kuna kumcheka mtoto. Mama alipokaa kwenye kigoda kwa ajili ya mbuzi, alicheka na mtoto, na mtoto akasogea karibu yake. Mimi kwenye mkeka wa futari nilimcheka mtoto, naye akaondoka. Kisa kinaweza kuwa kilekile. Tofauti ni kwamba yeye yumo ndani ya kicheko au ameachwa nje peke yake.

Tufanye nini

Kwanza, kisa cha mtoto ni siri ya nyumba mpaka mwenyewe akubali kisimuliwe. Na siku hizi jambo hili ni zito zaidi. Mtoto analia kwa sababu amekosa biskuti, mtu anatoa simu, anamrekodi, anaweka kwenye WhatsApp, na kabla ya isha kicheko kimefika Kajiado, Kitengela na Nairobi. Zamani kicheko kilikuwa kinakwisha watu wakitawanyika, lakini cha simu kinamngojea mtoto mpaka awe mkubwa.

Pili, tusimpe mtoto jina kwa kosa lake. Mtoto huishi ndani ya jina analoitwa. Ukimwita mwizi wa sambusa kila siku, utamlea mwizi wa sambusa.

Tatu, tukikosea tuwaombe msamaha. Hapa wazazi wengi tunaona aibu. Mimi nilimwomba wangu msamaha siku hiyohiyo, nikadhani yamekwisha. Akaniuliza, "Na wale wa msikitini?"

Swali hilo ni la qadhi, si la mtoto wa miaka 6. Nimemvunjia heshima mbele ya watu, naenda kumwomba radhi chumbani gizani!

Basi jioni ile nilimwomba ustadhi dakika mbili baada ya futari. Nikasimama mbele ya walewale, nikasema nimekosea, na nikawaomba lile jina liachwe. Halafu nikawasimulia habari zangu mwenyewe nilizopewa na mama, kwamba nilipokuwa na miaka 7 nilifunga mpaka saa tano asubuhi, nikanywa maji ya birika la udhu kwa mdomo wa birika, na nilipokamatwa nikalia nikisema birika ndilo lililonimwagia mdomoni. Watu walivunjika mbavu. Na wa kwanza kucheka, kwa sauti kuliko wote, alikuwa mdogo wangu.

Daku ya usiku ule niliamshwa kwa kuvutwa sikio. Alikuwa yeye. Akaniambia, "Kaka, amka. Na leo mimi nafunga mpaka adhuhuri tu, halafu nitakuonjea chumvi."

Alihamdulillahi, mwaka huu ameshafunga siku 4 kamili mpaka magharibi. Na siku anazoshindwa, anakuja mwenyewe kuniambia kuwa ameshindwa. Hilo la pili, kwangu mimi, ni kubwa kuliko la kwanza, kwa sababu mtoto anayekuja kukuambia kosa lake leo, kesho akiwa na miaka 16 atakuja kukuambia makubwa zaidi. Na yule aliyezoea kuchekwa atayapeleka kwingine.

Namwomba Allah atujaalie watoto wetu wawe kitulizo cha macho yetu, na sisi atujaalie kuwa kitulizo cha nyoyo zao. Atutakabalie saumu zetu, na za nusu siku pia.

Nimeona mwenye kisa ananinyooshea vidole viwili pale mbele. Si salamu hiyo, anadai sambusa yake ya pili.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.