Mzazi Akitoka Hospitali, Nani Amuuguze?



Baada ya kumhimidi Allah (S.W.) na kumswalia Mtume wetu (S.A.W.), napenda tukumbushane jambo moja. Mzee anaporuhusiwa kutoka Hospitali ya Maweni na kurejeshwa Ujiji, wengi huona kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza: dawa, chakula laini, kumgeuza kitandani, nauli ya kurudi kliniki. Mara nyingi mzigo wote huachiwa binti mmoja aliye karibu, nao kaka zake walioko Dar es Salaam hutuma salamu.

Suratul Israa, aya ya 23, inatuamrisha kuwatendea wema wazazi wanapofikia uzee. Wanazuoni wamebainisha kuwa nafaka ya mzazi asiye na uwezo ni wajibu wa watoto wake wenye uwezo. Ndiyo maana haifai kumlisha mzazi huyo kwa Zaka. Mtu halipi deni lake kwa haki ya maskini.

Ikiwa mama ana michikichi yake, mawese yauzwe kwa idhini yake, atunzwe kwayo kwanza. Lakini shamba hilo si mirathi. Mwenyewe yu hai.

Basi watoto wakae kikao kabla mgonjwa hajatoka, waandike nani atatoa nini kila mwezi. Na dada anayekesha ahesabiwe kuwa amekwisha kutoa fungu lake. Huyo asidaiwe fedha, bali asaidiwe.

Tumche Allah katika wazee wetu. Wabillahi tawfiq.