Mtoto Anayepepesa Macho Si Mjinga

Ndugu zetu wa madarasa ya kisomo,

Leo tunazungumza juu ya jambo linaloweza kumtoa mtoto shuleni bure. Yuko mtoto anayepepesa macho kila mara. Mwingine hupandisha mabega, hutikisa kichwa, au huguna na kukohoa wala hana mafua. Hafanyi makusudi. Madaktari huiita hali hiyo tiki. Mishtuko ya mwili ikichanganyika na miguno, ikapita mwaka mzima, huitwa ugonjwa wa Tourette. Ni jina la daktari Mfaransa, Georges Gilles de la Tourette, aliyeandika habari zake mwaka 1885.

Watu husema, "Huyo kichwani hamna kitu." Si kweli. Kwa kawaida akili za watu hawa ni kama zetu. Tim Howard, aliyekuwa golikipa wa Marekani, ana ugonjwa huu. Katika Kombe la Dunia la 2014 alizuia mashuti ya Ubelgiji zaidi ya kumi katika mchezo mmoja. Mjinga angeweza?

Basi kwa nini wengine hushindwa darasani? Hapa twende polepole. Mtoto akijua atachekwa au atachapwa, hujizuia. Kujizuia huko ni kama kuzuia chafya. Ataweza kidogo, lakini mawazo yote yamekwenda huko. Mwalimu anauliza saba mara nane, yeye anapigana na bega lake. Hebu mtwishe mtu ndoo iliyojaa maji, halafu mwambie apige hesabu! Tena wengi wao wana shida ya pili, ya kutotulia na kutoweza kufuata jambo moja kwa muda. Mara nyingi hiyo ndiyo inayorudisha masomo nyuma kuliko tiki zenyewe.

Fimbo haisaidii. Wasiwasi huzidisha mishtuko. Kwa kawaida huanza mtoto akiwa na miaka 5 hadi 7, huwa mikali karibu na miaka 10 hadi 12, kisha kwa wengi hupungua. Yaani shida yote inaangukia miaka ileile ya shule ya msingi.

Wala si kifafa. Mwenye tiki haanguki wala hapotezi fahamu. Akianguka, mpelekeni hospitali upesi.

Ninyi sasa mnajua kuandika. Mwandikieni mwalimu hivi: "Mwanangu hapepesi macho kwa utundu. Tafadhali usimkataze. Akizidiwa, mruhusu atoke nje kidogo. Katika mtihani, mwongeze muda."