Jumamosi ya Kuonja: Vyakula Vipya Nyumbani na Sahani ya Mtoto

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, na kama kawaida ninaongea na akina mama, akina shosho, madada wanaotusaidia kulea watoto, na akina baba walio karibu na redio. Kama una mtoto mgongoni, mkaze leso. Kama una sufuria motoni, punguza moto kidogo usikilize.

Leo nina habari za mume na mke fulani wa hapa Nakuru. Wameniruhusu niwasimulie, mradi nisiwataje majina. Bwana ni Mgiriama wa Kilifi, mke ni Mluhya wa upande wa Kakamega. Walipooana kila mmoja alikuja na tumbo lake. Mke alilelewa kwa mrenda. Bwana alipouona mrenda mara ya kwanza ukivutika kutoka sufuriani mpaka sahanini, alisema yeye hawezi kula makamasi. Naye siku moja alirudi kutoka kwao na pweza mkavu kwenye mfuko, na mke akakataa kuingia jikoni mpaka mdudu huyo atolewe. Basi wakapatana. Ugali, sukuma wiki, chai ya maziwa. Jumatatu hadi Jumapili. Nyumba nyingi zimepatana hivyo, na labda yako ni mojawapo.

Mtoto wao alipofika miezi 9 mama alimleta kliniki. Tulipoweka alama kwenye kijitabu cha mama na mtoto, mstari wa uzito ulikuwa umelala miezi miwili mfululizo. Mtoto hakuwa mgonjwa. Hakuwa na homa, hakuwa akiharisha. Nilimpima mkono kwa ule utepe wa rangi tatu, akasoma sentimita 12.3, yaani rangi ya manjano. Mama mwenyewe macho yalikuwa meupe. Tulimpima damu ikawa 9, na mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi. Nikamuuliza, "Mama, jana mtoto alikula nini?" Akasema uji wa mahindi, mkate na chai, viazi vilivyopondwa, na maziwa ya mama. "Na juzi?" Akacheka, maana juzi ilikuwa ni vivyo hivyo.

Watu hawa hawakuwa wakilala njaa, mpenzi msikilizaji. Tumbo la mtoto lilikuwa likijaa kila siku. Linaweza kujaa uji mwepesi na bado mwili ukakosa damu, ukakosa nguvu za kukua. Nilimwandikia mama vidonge vya kuongeza damu, mtoto nikamwandikisha kwa wale wanaofuatiliwa lishe, na nikawaomba warudi baba na mama pamoja. Kusema kweli, sikutarajia baba aje. Alikuja.

Nilipowaeleza kwamba mtoto anahitaji vyakula vya aina nyingi, bwana alinyamaza kidogo, kisha akamwambia mkewe, "Mama watoto, tatizo ni sisi. Sisi wenyewe tunaogopa chakula." Wakaanzisha jambo ambalo bado ninalisimulia kila kliniki. Kila Jumamosi wangeonja kitu kimoja, chakula au kinywaji, ambacho mmoja wao au wote wawili hawajawahi kukitia mdomoni. Walinunua daftari la kuandika tarehe, jina la chakula, bei, na maoni ya kila mmoja. Sheria ilikuwa moja. Meza matonge matatu kwanza ndipo useme hutaki. Kukunja uso kunaruhusiwa, kutema hakuruhusiwi.

Walianza na mrenda, kwa sababu ndio uliowagombanisha. Mke aliupika na majani ya kunde, akatia magadi kidogo sana. Hapa niseme neno: magadi mengi yanalainisha mboga haraka lakini yanaharibu vitamini, kwa hiyo ncha ya kijiko yatosha. Bwana alimeza matonge matatu akiwa amefumba macho. Kwenye daftari aliandika, "Si mbaya ukiwa na njaa." Lakini aliyefaidika ni mtoto. Ule utelezi ambao baba aliuchukia ndio uliomfaa mtoto asiye na meno ya kutafuna.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu ya omena, ambao bwana alikuwa akiwaita samaki wa kuku. Omena huliwa mzima na mifupa yake, ndiyo maana una kalsiamu nyingi, pamoja na protini na madini ya chuma, na mkebe mmoja sokoni hauna gharama ya kilo ya nyama. Muoshe kwa maji ya vuguvugu mara tatu au nne hadi mchanga uishe, mkaange mkavu, kisha nyanya na kitunguu. Wa mtoto mkaushe vizuri juu ya moto, mtwange, mchekeche, na unga wake utie kijiko kimoja ndani ya uji au viazi wakati vikiiva. Mama huyu alifanya hivyo, na mtoto hata hakujua.

Baada ya hapo mlango ulifunguka. Managu, saga, terere, mitoo. Mboga hizi zetu za kienyeji kuna wakati zilidharauliwa kuwa chakula cha maskini, na watu wakakimbilia kabeji. Leo zinapangwa hata katika maduka makubwa, na mwaka wa 2021 UNESCO iliutambua mpango wa Kenya wa kuhifadhi vyakula vya asili kuwa mfano mwema kwa wengine. Shosho yako alijua zamani. Jirani yao Mkalenjin aliwaletea mursik, wakafurahi, na jirani Msomali akawaonjesha maziwa ya ngamia na nyirinyiri. Mvua zilipoanza, mama mkwe alituma kumbikumbi kutoka Kakamega, ambao kwao huitwa tsiswa. Hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe. Bwana aliwatazama muda mrefu. Kwenye daftari kuna mstari mmoja tu wa mwandiko wake: "Mnaficha vitu vizuri nyinyi watu." Na walipokwenda Kilifi mwezi wa Desemba, mke alikula pweza wa nazi mbele ya mashemeji zake wote, akaomba tena.

Sasa tuje kwa mtoto, maana hii ndiyo sehemu ninayotaka uishike.

Mtoto chini ya miezi 6 haonji kitu. Maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana, isipokuwa dawa aliyoandikiwa. Akitimiza miezi 6 ndipo safari yake ya kuonja inaanza, na maziwa ya mama yanaendelea hadi miaka 2 au zaidi. Sisi wauguzi tunahesabu makundi 8 ya chakula. La kwanza ni maziwa ya mama. Kuna nafaka, mizizi na ndizi. Kuna jamii ya maharagwe, ndengu, mbaazi na njugu. Kuna maziwa ya mifugo. Kuna nyama, samaki, kuku na maini. Kuna mayai. Kuna mboga za kijani kibichi pamoja na mboga na matunda ya rangi ya machungwa, kama malenge, embe na viazi vitamu vya ndani ya rangi hiyo. La mwisho ni mboga na matunda mengine yaliyobaki. Mtoto wa miezi 6 hadi 23 anafaa kupata angalau makundi 5 kila siku. Hesabu kwa vidole vya mkono mmoja kabla hajalala. Yule mtoto wetu, siku ile ya kwanza, alikuwa na makundi mawili, au matatu ukihesabu yale maziwa kidogo ya kwenye chai.

Akina mama wengi huniambia, "Sista, nilimpa maini akatema, kwa hivyo hapendi." Ulimpa mara ngapi? Mara moja. Mtoto anaweza kukataa kitu mara 8, 10 au hata zaidi kabla hajakizoea. Kutema si kukataa, ni kushangaa. Mpe kidogo, ngoja, mpe tena kesho kutwa, na wewe ule mbele yake ukionyesha kufurahia. Usimfinye pua, usimlazimishe. Lete kitu kimoja kipya kwa wakati, kaa nacho siku mbili tatu, ili kikimletea vipele, kutapika au kuvimba midomo ujue ni kipi. Akivimba uso au akipumua kwa shida, usingoje kesho, kimbia hospitali.

Uji wake uwe mzito, ukiinamisha kijiko usimwagike kama maji. Akiwa miezi 6 anza na vijiko viwili vitatu vya chakula kwa mlo. Akifika miezi 9 apate nusu kikombe cha mililita 250, mara 3 au 4 kwa siku, na kitu kidogo katikati, kama ndizi. Yai na unga wa njugu huna haja ya kumngojesha mpaka mwaka upite, mradi yai liive kabisa na njugu ziwe zimesagwa. Njugu nzima na mbegu za mabuyu zinakaba koo, mtoto mdogo asipewe. Na shosho, ninakuomba kwa heshima, asali ngoja. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe asali hata tone, kwa kuwa inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake halijaweza kuvishinda, na sumu yake inalegeza misuli hata ile ya kupumua.

Niwarudie wale wazee wetu wa daftari, maana si kila kitu walichoonja kilikwenda vizuri. Bwana alialikwa kwa rafiki yake mfugaji akanywa maziwa mabichi, ya moto kutoka kwenye titi la ng'ombe, kwa kuwa yalikuwa "mapya" na yangeingia daftarini. Baada ya wiki kadhaa akawa na homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, viungo vyote vinauma. Alimeza dawa za malaria za dukani bila nafuu. Alipopimwa alikutwa na brusela, akawekwa kwa dawa za wiki 6. Mke na mtoto waliponea kwa kuwa hawakuandamana naye. Maziwa yachemshwe, hata yale yatakayogandishwa. Kama unataka kutengeneza mursik, yachemshe kwanza, yapoe, ndipo uyatie kwenye kibuyu.

Kuna vitu ambavyo sheria ya matonge matatu haivihusu kabisa. Uyoga wa porini ambao mwenye kuujua hajakuhakikishia. Muhogo mchungu ambao haujamenywa, kulowekwa na kupikwa vizuri, kwa sababu una sumu. Mahindi na njugu zenye ukungu, hata ukiosha, hata ukipika. Mwaka wa 2004 kule Ukambani watu 317 waliugua kwa sumu ya aflatoksini ya mahindi, na 125 wakafariki. Moto wa jikoni hauiondoi. Kausha mahindi vizuri, yasilale chini, na yale yaliyoota ukungu usimpe hata kuku, maana kuku utamla wewe. Na chang'aa, akina baba, msiitie katika mambo ya kuonja. Mwaka wa 2000 pombe yenye methanoli iliua zaidi ya watu 100 katika mitaa ya Mukuru, Nairobi, na wengine wakapofuka. Huwezi kuijua kwa harufu. Mama mjamzito yeye asinywe pombe yoyote, iwe mnazi, muratina au ya chupa.

Kuhusu vinywaji vingine sina maneno mengi. Madafu sawa. Maji ya ukwaju au ya unga wa ubuyu, bila rangi za dukani na sukari nyingi, sawa. Soda si chakula cha mtoto. Lakini chai! Chai tunaipenda Kenya, nami nakunywa. Hata hivyo chai, pamoja na kahawa, ukiinywa na chakula inazuia mwili usichukue madini ya chuma yaliyo kwenye mboga na maharagwe. Yule mama alikuwa akishushia kila mlo kwa chai. Tulimwambia aisogeze, anywe saa moja au mbili baada ya kula, na kwenye chakula aweke chungwa, limau au pera, kwa sababu hayo yanasaidia chuma kuingia mwilini. Mtoto chai tulimwachisha kabisa.

Baada ya miezi 3 damu ya mama ilikuwa imefika 11.6. Bado si 12, na vidonge anaendelea navyo. Mtoto mkono wake ulisoma 13.1, rangi ya kijani, na mstari wake kwenye kijitabu ukawa umepanda miezi miwili mfululizo. Daftari nililiona wiki iliyopita, limefika namba 41. Muthokoi ilipata alama nzuri kwa wote wawili. Nduma bwana anasema ni sabuni. Matumbo mke ameandika, kwa herufi kubwa, HAPANA, na matonge yake matatu alikuwa amemeza.

Kama mtoto wako uzito wake haujapanda miezi miwili, usingoje tarehe ya kliniki, njoo na kijitabu chako siku yoyote ya kazi, na baba akiweza aje. Watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 nao waje kwa matone ya vitamini A, ambayo hutolewa kila baada ya miezi 6 bila malipo. Wiki ijayo, saa kama hizi, tutazungumza juu ya kuharisha na jinsi ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari. Kwaheri kwa sasa.