Nyuma ya Picha: Rejista, Kasha na Nasaba za Kengeleni



Miezi michache iliyopita, katika kikao cha idara, mwenzangu mmoja ninayemheshimu alisema kuwa watu wa Kengeleni, Mombasa, hawana nyaraka zao. Walicho nacho, alisema, ni vitabu vya wamishonari: rejista ziliwavua majina, na picha ziliwapanga mstari kama mali iliyookolewa. Anayetaka historia ya ukoo kule akae barazani kwa nyanya asikilize, makaratasi ayaache yalipo. Hoja hii inajitokeza kama utetezi wa wanyonge. Mimi naona inawanyang'anya mara ya pili.

Yale mnayoyajua nayapita: mkataba wa 1873 kati ya Waingereza na Sayyid Barghash, makazi ya Church Missionary Society (CMS) ya 1875 yaliyoitwa Freretown, Kengeleni ilipo, manowari zilizokamata majahazi ya watumwa, na Waafrika waliosomeshwa Nasik, India, wakarudi kufundisha mateka waliokombolewa.

Hoja ya mwenzangu imesimama juu ya dhana kwamba kauli ya nyanya ni kisima ambacho karatasi haijakigusa. Kama kuna mahali pa kudai hivyo, si Kengeleni. Mwaka 1934 James Juma Mbotela, mtoto wa mateka wa Freretown, alichapisha Uhuru wa Watumwa. Kitabu hiki nakipenda tangu utoto, na sioni haya kusema hivyo mbele yenu. Kimeandikwa kwa Kiswahili na mtu aliyesikia habari hizo kwa wazee wake mwenyewe: kutekwa katika nchi za Nyasa, kutembezwa hadi pwani, kupakiwa chomboni, kukombolewa. Nimeketi na wazee wengi wakinisimulia safari ya babu zao, na mara kwa mara nimeitambua ndani yake safari ya Mbotela, kituo kwa kituo. Hawakudanganya. Maneno yalitoka vinywani yakaingia kitabuni, kisha yakatoka kitabuni yakarudi vinywani. Mwenzangu atayachuja vipi sasa, abaki na yale ya mdomo peke yake?

Nakubali kuwa kitabu kinawasifu Waingereza kupita kiasi. Msomaji wake anaweza kudhani utumwa uliisha siku manowari ilipotokea. Sivyo. Mkataba wa 1873 ulipiga marufuku biashara ya baharini. Mashambani watu waliendelea kulimishwa, na katika pwani hii hali ya utumwa haikufutwa kisheria hadi 1907. Kabla ya hapo wengine walitoroka wakakimbilia misheni ya Rabai. Mabwana walipowadai mwaka 1888, kampuni ya Imperial British East Africa (IBEA) ililipa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 zaidi ya watu 1,400 walipewa hati za uhuru. Hao hawakungoja manowari. Na habari zao zimekuwa chache katika simulizi za barazani kwa sababu hadithi ya meli ni tamu na imeandikwa vizuri. Pale mdomo ulipofunikwa na kitabu, karatasi ndiyo iliyotunza habari.

Nizungumzie rejista za ubatizo zinazolaumiwa. Ni kweli, katika kurasa nilizozisoma jina jipya limeandikwa na safu ya wazazi imeachwa tupu. Mwenzangu anauita utupu huo ukatili, na ni ukatili. Lakini ni wapi pengine palipoandikwa, siku hiyo hiyo, kwamba mtoto huyu alifika bila mama? Tena tazameni safu ya wadhamini. Majina yale yale yanarudi ukurasa baada ya ukurasa, na ukiyafuata unaona watu wasio na ndugu wakifanyana ndugu. Nasaba nyingi za Kengeleni zinaanzia kwa mdhamini.

Sasa kasha. Nyanya yangu, mzaa baba, aliacha kasha la bati lenye picha za studio za Mombasa: gauni jeupe, kiti cha kuchonga, pazia lililochorwa bustani. Kwa miaka mingi nilizitazama sura tu. Siku nilipoigeuza moja, nilikuta muhuri wa studio na chini yake maneno ya penseli: Kwa dada yangu, Rabai. Nyanya alituambia siku zote kuwa baba yake alishushwa na manowari. Nikaenda Rabai. Katika rejista nilimkuta baba huyo, amebatizwa akiwa mtu mzima, na pembeni mtu ameandika neno moja la Kiingereza lenye maana ya mtoro.

Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu kila mwaka: picha isomwe kwanza nyuma, wala isitengwe na kasha lake. Taasisi moja iliwahi kuazima picha za jirani yetu, ikazibandua kutoka kwenye albamu na kunakili upande wa mbele tu. Zilirudi zikiwa safi, na gundi imeondoka na nusu ya maandishi. Wenzangu wa makavazi huniambia kuwa maandishi ya nyuma hukosea, kwamba huongezwa baadaye na mkono usiojulikana. Nimelipima hilo kwa miaka, na bado nageuza picha kwanza.

Baada ya Rabai nilimpelekea shangazi nakala ya ukurasa ule, pamoja na picha. Nilimsomea neno la pembeni na maana yake. Alinyamaza, akaiweka picha mapajani, akapitisha kidole juu ya penseli.

“Kumbe alitembea,” alisema.

Katika matanga ya mwaka huo nilimsikia akiwasimulia wajukuu. Alianza na meli, kama kawaida. Kisha akakaa kitako vizuri, akaanza safari ya pili, ya miguu.