NYUMBA NJEMA SI MLANGO
Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Dodoma



Halmashauri ya Chama imetutaka tuseme maneno machache juu ya jambo lisilokosa kuzungumzwa kila makarani wawili wanapokutana baada ya saa za kazi, nalo ni ujenzi wa nyumba. Twaishukuru kwa heshima hiyo. Hatukuja kumfundisha mtu namna ya kushika mwiko, maana kazi hiyo ina wenyewe. Tumekuja kushauriana juu ya swali moja tu: mtu mwenye mshahara wa kuhesabika, akianza kujenga nyumba yake, aongeze fedha mahali gani, na azuie mkono wake mahali gani?

Swali hili si dogo kwetu. Shauri la kuufanya mji huu kuwa makao makuu lilikatwa mwaka 1973, lakini wengi wetu tulihamia hapa baada ya tangazo la mwaka 2016, tukaacha nyumba za kupanga pwani na kwingineko, tukaanza kutafuta viwanja. Tena kila mmoja wetu aijua siku yake: miaka 55 kwa hiari, miaka 60 kwa lazima. Siku hiyo ikifika, mshahara hukoma, ila paa linalovuja halikomi kuvuja. Na fedha za kujengea, kwa wengi wetu, ni za mkopo unaokatwa katika mshahara mwezi kwa mwezi, nasi twabaki na theluthi ile ambayo kanuni yakataza isiguswe. Mtu wa namna hii hujenga mara moja katika maisha yake. Akikosea, hana fedha ya kujenga mara ya pili.

Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi twapenda kuongeza: ukiisha kuingia, tazama chini ya miguu na juu ya kichwa. Kwa hivi twaleta mbele yenu maswali matatu ya kumsaidia mjenzi. La kwanza, je, kitu hiki kitafunikwa, hata kukitengeneza baadaye ni lazima kubomoa? La pili, je, kikiharibika kitaharibu na vingine? La tatu, je, chaweza kungoja mpaka mwakani bila madhara? Kitu kikijibu ndiyo kwa swali la kwanza na la pili, hapo ndipo pa kuongeza fedha. Kikijibu ndiyo kwa la tatu peke yake, hicho na kingoje.

Tuanze na ardhi yenyewe. Fedha ya kwanza kuongezwa si ya tofali, bali ni ya kiwanja kilichopimwa, chenye mawe ya mipaka na karatasi zilizo halali. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999, yampa raia haki ya kumiliki ardhi kwa muda usiozidi miaka 99, na hati ndiyo ushahidi wake. Mtu akinunua kwa bei nafuu mahali pasipopimwa, akajenga nyumba nzuri, amejenga juu ya neno la muuzaji. Tena apate kibali cha ujenzi kwa halmashauri ya jiji kabla ya kuchimba. Gharama za kupima na za kibali huonekana kama fedha iliyopotea, maana hazionekani ukutani. Lakini nyumba ikitiwa alama ya kubomolewa, hakuna dirisha wala marumaru itakayoiokoa.

Baada ya ardhi, msingi. Hapa Dodoma udongo si wa namna moja. Kuna mahali pa mchanga na mawe, na kuna mabonde yenye udongo mweusi wa mbuga, ambao huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Nyumba iliyowekwa juu ya udongo huo kwa msingi mfupi huinuliwa na kushushwa kila mwaka, na kuta zake hupasuka kutoka pembe za madirisha. Lipu haitibu ugonjwa huo. Yafaa basi kumlipa mjuzi autazame udongo kabla ya kuchora ramani, na kama ni ule mweusi, tufuate shauri lake, ama kuuondoa na kujaza udongo mwingine, ama kuimarisha msingi kwa zege na nondo. Kabla ya kumwaga jamvi itiwe dawa ya mchwa, maana mdudu huyu katika nchi kavu kama yetu hachoki. Na karatasi nzito ya plastiki ilazwe ili unyevu usipande. Vitu hivi viwili ni vya bei ndogo siku ile ya kwanza, na havipatikani tena kwa bei yo yote jamvi likiisha kukauka.

Zege nalo lina adabu yake. Kipimo kijulikanacho kwa kazi ya nondo ni sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto. Fundi aongezaye maji mengi ili zege litiririke upesi aipunguza nguvu yake, ingawa kwa macho laonekana zuri. Likiisha kumwagwa, linyweshwe maji walau siku 7, na nguvu yake hupimwa siku ya 28. Kwa hivi haraka ya kupandisha ukuta haina faida. Matofali ya saruji ni vivyo hivyo: likikwaruzwa kwa msumari likamwaga unga, mwenye kuliuza amebania saruji, na bei yake ndogo ndiyo hasara yetu.

Juu ya madirisha pasipungue mkanda wa zege wenye nondo, uzungukao nyumba nzima bila kukatika. Wako wanaoufanya juu ya madirisha tu, wakasema yatosha. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi liliupiga Mkoa wa Kagera, likaua watu na kubomoa nyumba nyingi. Mji wetu nao uko katika nchi ambayo ardhi hutikisika mara kwa mara. Mkanda huo huzifunga kuta nne zikawa kitu kimoja, na gharama yake ni nondo chache kuliko zile ambazo wengine huzitia katika nguzo za baraza zisizobeba kitu.

Sasa paa. Mwenye kununua mabati akumbuke ya kwamba namba ikikua, bati huwa jembamba: la namba 28 ni nene kuliko la namba 30, na la 30 ni nene kuliko la 32. Rangi haiongezi unene. Mbao za kenchi ziwe kavu na zenye dawa, nazo zifungwe kwa nguvu katika ule mkanda wa zege, kwa kuwa upepo haulisukumi paa chini, hulinyanyua. Tena upenu utoke mbele ya kutosha, ili mvua isipige ukuta na jua lisiingie madirishani. Na kuna jambo lisilogharimu hata senti moja: nyumba ikielekezwa vema, kuta ndefu zikitazama kaskazini na kusini, jua la asubuhi na la jioni hupiga kuta fupi tu, na vyumba hupoa.

Paa laweza pia kulipa sehemu ya gharama zake. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mji huu hupata kama milimita 570 kwa mwaka, nazo karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Paa lenye mita za mraba 100 hupokea basi kama lita 57,000. Hata baadhi yake yakipotea, ni maji mengi kwa mji ambao bomba lake huweza kukauka. Mifereji ya paa na tangi ni mahali pema pa kuongeza fedha, na zaidi ya hayo huyaepusha maji yasichimbe msingi.

Mabomba na nyaya za umeme ni katika vile vinavyofunikwa. Waya uwe wa shaba na wa unene unaostahili, upite ndani ya mabomba yake, na waya wa ardhini usisahauliwe, maana huo ndio unaookoa maisha. Kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni. Shimo la maji machafu lichimbwe mbali na kisima, umbali wa mita 30 walau. Na madirisha yatiwe nyavu za mbu, na mianya ya chini ya paa izibwe kwa dari. Utafiti uliofanywa Gambia na kutangazwa mwaka 2009 ulionyesha ya kuwa nyumba zilizowekwa nyavu au dari ziliingiwa na mbu waenezao malaria kwa karibu nusu tu ya zile zisizowekwa, na watoto wake walipungukiwa na damu kwa uchache zaidi. Wavu si urembo basi. Ni dawa inayokunywewa na nyumba.

Mtatuuliza, fedha za mambo haya yote zitatoka wapi? Jibu letu ni moja: katika ukubwa. Tuchukue nyumba ya mita 10 kwa 12, yaani mita za mraba 120. Chumba kimoja cha mita 3 kwa 4 ni mita 12, ndiyo sehemu ya kumi ya nyumba. Mtu akikiacha, ameacha sehemu ya kumi ya jamvi, ya bati, ya dari na ya sakafu. Fedha hiyo yaweza kununua bati lililo nene zaidi, au tangi, au nondo za mkanda. Chumba huweza kuongezwa baadaye, mradi ramani imekiachia nafasi. Msingi hauwezi kuongezwa chini ya nyumba iliyokwisha simama.

Marumaru, dari za jipsamu zenye maua, makabati ya jikoni, geti la chuma na ukuta wa mbele, vyote vyaweza kungoja. Sakafu ya saruji iliyosuguliwa vema huvumilia miaka mingi, na siku mtu apatapo fedha ataweka marumaru juu yake bila kubomoa kitu.

Twajua neno linalotuzuia: watu watasemaje? Mtumishi wa serikali, mwenye ofisi na muhuri, akae nyumba ya vyumba viwili na sakafu ya saruji? Na ndugu wakija kutoka nyumbani, walale wapi? Hoja hii ya pili ni ya haki, nasi hatuidharau. Mgeni ni baraka. Lakini mgeni hulala vizuri zaidi sebuleni pasipovuja kuliko katika chumba chake kisicho na paa. Ama hoja ya kwanza, tembeeni kandokando ya mji huu, mhesabu nyumba kubwa zilizosimama kwenye linta, nyasi zimeota sebuleni na mwenyewe angali analipa kodi ya kupanga. Jirani aliyeisifu ramani yake hakumpa hata mfuko mmoja wa saruji.

Neno la mwisho ni juu ya kazi tuliyoizoea sisi wenyewe. Sisi ni watu wa kalamu na daftari. Ni ajabu karani atunzaye hesabu za wengine kwa uaminifu akajenga nyumba yake bila karatasi. Mapatano na fundi yaandikwe, yasainiwe mbele ya mashahidi, na malipo yagawanywe kwa hatua: msingi, kuta, paa, umaliziaji, hatua isiyokwisha isilipwe. Mifuko ya saruji ihesabiwe ikiingia na ikitumika. Picha zipigwe za nondo na za mabomba kabla hayajafunikwa, ili miaka 20 ijayo mtoto wetu ajue pa kugonga na pa kutogonga.

Kwa hivi twatoa shauri kwa Chama, ya kwamba matawi yachague wanachama wawili au watatu wenye ujuzi wa ujenzi, wawe tayari kusoma mapatano ya mwenzao na kwenda kuutazama msingi wake kabla ya zege kumwagwa. Kazi hiyo ni ya nusu siku tu, nayo yaweza kumwokoa mtu na deni la miaka mingi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini aliyejenga msingi vema hana ufa wa kuziba.

Bwana Mwenyekiti, maneno yetu yamekwisha. Twaomba wanachama wayapime, wayakosoe, na wenye maarifa zaidi wasimame waseme.